Turbo ya gari-nyumba imekufa Mombasa: tumezipima huduma za kuifufua

Gari-nyumba la dizeli likifa turbo (kifaa chenye feni mbili kwenye shafti moja: ya moshi huzungushwa na moshi wa injini, ya hewa huisukumia injini hewa) Mombasa, kinachokosekana si fundi. Kuanzia Shimanzi mpaka Changamwe na Miritini kuna mafundi wa dizeli wanaoishi kwa malori na matatu, na kufungua turbo si kitu kigeni kwao. Kinachokosekana ni spea. Turbo ya Hiace, Prado au Canter hutafuti sana. Ukitaja Fiat Ducato, Iveco Daily au Sprinter ya zamani, muuzaji anakuomba uache namba ya simu. Hapo mwenye gari anabaki na njia nne: kufufua turbo yake kwa seti ya ripea, kubadilisha katriji nzima (sehemu ya katikati yenye shafti na feni zote mbili), kununua ya mitumba, au kuagiza mpya ng'ambo. Tunayoiamini zaidi ni seti ya ripea, ila kwa masharti mawili: shafti na feni ziwe bado nzima, na kazi ipigwe balansi, yaani uzito wa vinavyozunguka usawazishwe, kabla ya kurudi kwenye gari. Zikikosekana hizo mbili, hesabu inabadilika, na tutaeleza kwa nini.

Jambo la kwanza ni namba. Ukienda dukani na jina la gari utarudi mikono mitupu, kwa sababu gari lako halikuuzwa huku. Nenda na namba ya turbo. Iko kwenye kibati kidogo kilichopigwa ribiti upande wa hewa, ule wa aluminiamu. Kisafishe kwa brashi ya waya laini na dizeli, ukipige picha. Toyota huanza na 17201. Mitsubishi wakianza na 49135 hiyo ni TF035, na 49177 ni TD04. Za BorgWarner, zamani KKK, zikianza na 5303 ni jamii ya K03; tarakimu tatu zinazofuata zikiwa 970 maana yake turbo kamili, na zikiwa 710 ni katriji peke yake. Bushi, ringi na sahani ya trasti (inayozuia shafti kwenda mbele na nyuma) hufuata jamii ya turbo, hazifuati gari. Ndiyo sababu mtu mwenye Ducato ya K03 anaweza kupata seti yake kwa muuzaji wa spea za Volkswagen na Audi, ambaye hajawahi kuliona hilo gari-nyumba. Karakana inayokuuliza namba ya turbo kabla ya kukuuliza gari ni aina gani imeshapata alama ya kwanza kwetu.

Alama ya pili wanaipata wale wasioifungua turbo haraka. Moshi mweusi na gari kukosa nguvu kwenye mlima wa Mazeras si ushahidi kwamba turbo imekufa. Hozi ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ikipasuka upande wa chini, au klempu ikilegea, dalili ni hizo hizo. Kipimo chake ni chepesi: ziba mdomo wa hozi ya kuingilia turbo kwa kizibo chenye vali ya tairi, jaza upepo wa kama bari 1, usizidishe, kisha pakaza maji ya sabuni kwenye maungio yote. Mapovu yatakuonyesha. Moshi wa buluu na oili kwenye bomba pia hauhukumu turbo moja kwa moja. Ringi za shafti hazikuundwa kuzuia oili iliyojaa; zinategemea oili ianguke yenyewe kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Bomba la kurudisha likiziba, au bomba la kupumulia injini likiziba hadi presha ijae kwenye sampu, oili itavuja kwenye turbo hata ikiwa mpya kabisa. Filta ya hewa iliyojaa vumbi nayo huvuta oili upande wa feni ya hewa. Tumeona turbo nzima zikifufuliwa mara mbili wakati ugonjwa uko kwenye bridha, yaani hilo bomba la kupumulia.

Ukishatoa hozi ya hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole. Kuyumba kidogo kushoto na kulia ni kawaida, kwa kuwa bushi hizi huelea ndani ya oili, nje na ndani. Kisichokubalika ni feni kugusa nyumba yake. Kusukuma na kuvuta mbele-nyuma ndiko kwenye maana kubwa: kwenye turbo nyingi ndogo mwendo huo ni kati ya 0.03 na 0.10 mm, yaani kwa mkono usiusikie kabisa au uusikie kwa shida. Ukiusikia ukigonga, trasti imekwisha. Kwa uhakika fundi aweke geji ya mshale kwenye ncha ya shafti na asome namba mbele yako, halafu ailinganishe na kipimo cha turbo hiyo.

Sasa huduma yenyewe. Karakana nzuri huanza kwa kuchora mistari, si kwa kufungua nati. Mstari mmoja unapita nyumba ya moshi, nyumba ya katikati na nyumba ya hewa, ili zirudi kwenye pembe zile zile. Mstari wa pili ni wa rangi, unapita ncha ya shafti, nati na feni ya hewa. Huo wa pili ndio wengi huuruka, na ndio unaobeba balansi ya kiwandani. Baada ya hapo nati ya feni ya hewa inafunguliwa, na kwenye turbo nyingi nyuzi zake ni za kushoto, kinyume na nati za kawaida. Asiyejua hilo hukaza akidhani anafungua, na shafti inakatika mkononi mwake. Turbo ambayo haina spea mjini haivumilii kosa la aina hiyo.

Vipande vikishakuwa mezani, visomwe. Shafti iliyogeuka buluu kama chuma kilichopita motoni inasema oili haikufika. Michirizi myembamba kuzunguka shafti na bushi inasema oili ilifika ikiwa chafu. Ncha za feni ya hewa zilizopinda au kulika zinasema kitu kilipita kwenye filta. Meno ya feni ya moshi yaliyovunjika yanasema kitu kilitoka ndani ya injini, labda kipande cha vali, cha ringi au cha ncha ya injekta. Usikubali turbo irudi kwenye gari kabla ya swali hilo kujibiwa. Mwulize hivi hivi: "Fundi, hii imeuliwa na nini?" Anayejibu "ni uzee tu" wakati shafti iko buluu hajaangalia, na seti mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule.

Seti ya kawaida ina bushi mbili, sahani ya trasti na kola yake, ringi za upande wa moshi na upande wa hewa, klipu za kushika bushi, oringi, nati na gasketi. Haiji na shafti wala feni. Kwa hiyo sehemu za shafti zinapokaa bushi zipimwe kwa maikromita, na tundu la nyumba lipimwe kwa geji ya ndani. Nafasi tunayozungumzia ni sehemu chache za mia za milimita, jicho haliioni. Pitisha ukucha kwenye shafti pale bushi inapoishia: ukinasa kwenye ngazi, shafti imelika. Kagua pia mfereji wa ringi ya upande wa moshi, maana mfereji ukipanuka, ringi mpya itacheza na moshi utapenya kwenye oili. Kuna bushi za saizi tofauti kwa shafti iliyosagwa, lakini kwa jamii fulani tu. Uliza kabla ya mtu kuipeleka shafti kwenye kerezo.

Kuhusu kerezo, tuseme wazi. Mombasa ina mafundi wa kukereza wenye mikono mizuri sana, na kwa kazi fulani za turbo hawa ni msaada mkubwa: kutengeneza bushi ya mkono wa westigeti (mlango wa kupunguza presha ya turbo), kunyoosha uso wa flenji iliyopinda, kukereza studi. Lakini bushi za shafti kuchongwa kwa shaba ya kawaida hatuzipendekezi hata kwa dharura. Bushi hizo ni za bronzi maalumu, zina matundu ya oili kwa mpangilio wake, na zinazunguka ndani ya turbo inayofika mizunguko zaidi ya 100,000 kwa dakika. Zile ndogo hupita 200,000. Shaba laini huko huyeyuka na kuganda kwenye shafti, na shafti ndiyo kitu pekee ulichokuwa unajaribu kukiokoa.

Kusafisha ni kipimo kingine cha karakana. Nyumba ya katikati hujaa kaboni iliyoungua ikawa ngumu, hasa upande wa moshi. Inaloweshwa kwenye dawa ya kuondoa kaboni na kukwanguliwa kwa kijiti cha mbao au plastiki, matundu ya oili yakipitishwa waya laini na upepo. Kupiga mchanga nyumba hiyo bila kuziba kila tundu ni hatari: punje moja ikibaki kwenye njia ya oili, inatosha kuchana bushi mpya ndani ya saa ya kwanza. Nyumba ya moshi ya chuma inaweza kupigwa mchanga bila wasiwasi. Nyufa ndogo karibu na tundu la westigeti ni za kawaida na zinavumilika. Ufa uliofika kwenye flenji au uliopenya nje haukubaliki. Kuchomelea chuma hicho kwa fimbo ya nikeli kunawezekana, lakini kipashwe moto kwanza na kipoe polepole.

Tunakuja kwenye balansi, sehemu inayotenganisha huduma hizi. Mashine ya balansi haipo kila karakana, na baadhi hupeleka katriji Nairobi kwa basi la mizigo kisha irudi. Hilo si aibu, mradi ulijue na usilipe kana kwamba imefanyika pale pale. Kazi kamili ina hatua tatu: shafti na feni ya moshi peke yake, feni ya hewa peke yake, kisha katriji iliyofungwa ikizungushwa kwa kasi huku ikipewa oili. Dai karatasi ya matokeo. Je, turbo inaweza kufungwa bila balansi? Kwa turbo kubwa za zamani zisizo na mapezi yanayogeuka kuelekeza moshi kwenye feni, kama CT26 ya Land Cruiser au za Sprinter za kwanza, ikiwa umebadilisha bushi na ringi tu na mistari ya rangi imerudi pale pale, mara nyingi inafanya kazi miaka. Kwa turbo ndogo za kisasa, au ukibadilisha feni yoyote, jibu letu ni hapana. Mlio mkali wa king'ora unaopanda na kushuka pamoja na kasi ya injini ni balansi mbovu, na bushi zitalika upesi.

Turbo zenye mapezi yanayogeuka zina shida yake. Gari-nyumba linalotembea polepole na kulala muda mrefu hujaza masizi kwenye mapezi hadi yakwame, na dizeli yetu, ambayo kiwango chake cha salfa kiliwekwa kuwa 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015 wakati Ulaya ni 10, haisaidii injini zilizotengenezwa kwa ile ya kule. Mapezi yakikwama wazi gari halina nguvu hadi lishike kasi. Yakikwama yamefunga, presha inazidi na kompyuta inapunguza nguvu ya injini. Kuyasafisha kunarudisha kazi bila kununua kitu. Onyo ni moja: skrubu ndogo ya kikomo cha mapezi isiguswe. Iliwekwa kwenye mashine ya kupima mtiririko wa hewa, na ukishaizungusha huna njia ya kuirudisha kwa macho. Mafundi wengine huizungusha kidogo "kuongeza nguvu", na gari linatoka likivuta vibaya kuliko lilivyoingia.

Katriji iliyo tayari, inayokuja imeshapigwa balansi, ndiyo tunayoipa nafasi ya pili, na ya kwanza ikiwa shafti yako imekufa. Nyingi zinatoka China na ubora unatofautiana. Iweke kando ya ile ya zamani kabla ya kulipa: hesabu meno ya feni zote mbili, pima kipenyo chake kwa vernia, kidogo na kikubwa, pima kimo, angalia matundu ya oili na ya maji yako upande gani. Tafuta pia sehemu zilizokwanguliwa kwenye feni au nati. Ndiyo alama ya kwamba kweli ilipita kwenye mashine. Katriji ikifungwa kwenye pembe isiyo yake, bomba la kurudisha oili litalala. Garrett, watengenezaji wa turbo, wanataka bomba hilo lisiinamie zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima, na kwa kweli likikaribia wima kabisa ndiyo salama.

Turbo za mitumba za eks-Japani tunazipa alama ya chini kwa magari-nyumba, ingawa kwa Hiace au Coaster iliyogeuzwa kuwa nyumba ni njia ya kawaida na inaeleweka. Hujui ilitoka kwenye injini iliyokufa kwa nini. Ukiamua kuinunua, inunue kama malighafi: fungua, osha, weka seti mpya. Usinunue ambayo matundu yake ya oili yalikaa wazi kwenye ghala bila kizibo, kwa sababu mchanga na kutu vimeshaingia. Kupandikiza turbo ya Toyota kwenye injini ya Fiat kwa kuchomelea flenji tumekuona pia, na hatukushauri: saizi ya feni hailingani na injini, na bomba la oili huishia kwenye pembe mbaya.

Kuagiza ng'ambo kunafaa zaidi kwa vitu vidogo. Turbo nzima ya kilo kadhaa iliyosafirishwa kwa ndege inalipiwa nauli kubwa, halafu kuna ushuru wa forodha. Seti ya ripea inaingia kwenye bahasha. Mwenye gari-nyumba la jamii adimu anayejua namba yake anaweza kuagiza seti na gasketi kabla hata ya kuugua kwa turbo, akaziweka kwenye droo ya jikoni.

Hata kazi nzuri ya mezani huharibikia kwenye kufunga. Bomba la kupeleka oili libadilishwe au lioshwe hadi uone mwanga upande wa pili. Kama bolti yake ina kichujio kidogo cha wavu ndani, kiangaliwe. Silikoni isiwekwe kamwe kwenye flenji za oili. Ikikazwa hubanwa kuingia ndani, kipande hukatika na kuziba tundu. Gasketi ikikosekana, ikatwe kwenye karatasi ya gasketi kwa kufuata flenji. Oili na filta viwe vipya, kwa daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Studi za manifoldi Mombasa hukamatwa na kutu ya chumvi, na magari yaliyoegeshwa wiki nyingi Tiwi au Diani huwa mabaya zaidi. Ziloweshwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, zipashwe moto, na zinaporudi zipakwe grisi ya shaba.

Halafu intakula. Turbo iliyovuja huiachia oili nyingi, na injini ya dizeli inaweza kuichoma kama mafuta yake, ikapanda mizunguko yenyewe bila kuzimika kwa swichi. Intakula na mabomba yatolewe, yamwagwe, yaoshwe. Karakana isiyofanya hivi tunaifelisha hata kama mengine yote iliyapata.

Kabla ya kuwasha, oili safi mililita 10 hadi 15 imiminwe kwenye tundu la turbo na shafti izungushwe kwa kidole. Chomoa waya wa kusimamisha mafuta, piga stata vipindi vya sekunde 10 hadi taa ya presha ya oili izime. Ndipo uwashe, uache kwa salenti (mzunguko wa chini) dakika 3 hadi 5 bila kukanyaga, ukiangalia maungio yote.

Kwenye risiti dai mambo haya kwa maandishi: namba ya seti au katriji, kipimo cha mwendo wa shafti kabla na baada, karatasi ya balansi, na sababu ya kifo cha ile ya kwanza. Udhamini usio na sababu iliyoandikwa hauna nguvu, kwa kuwa turbo ikifa tena kila upande utasema ni oili. Safari ya kujaribu isiwe ya kuzunguka kisiwani tu. Gari liwe na tangi za maji na mizigo yake yote, lipande Mazeras mpaka Mariakani, lisimame kabla ya mizani na kuachwa linguruma dakika 2 ndipo lizimwe. Fundi akague bomba la kurudisha oili kama halina unyevu, studi zikikazwa tena injini ikishapoa, na kiwango cha oili kwenye kijiti kilinganishwe na kile mlichokiandika asubuhi mkiondoka.